Wikiendi ya Dabo Kidichi

Kwenye Call of Duty: Mobile siku mpya haimsubiri jogoo. Inaanza saa 6 usiku kwa saa za Greenwich, ambayo kwetu Unguja ni saa 9 usiku, na tukio lolote lililotangazwa kwa tarehe hiyo hufunguka hapo hapo. Ndugu zake wa kwenye kompyuta na pleistesheni wana desturi nyingine: matukio yao mengi hufunguliwa saa 4 asubuhi ya California. Hiyo kwetu ni saa 2 usiku wakati wa kiangazi chao, na saa 3 usiku wakishaingia baridi na kurudisha saa zao nyuma. Mtu wa Kidichi, kijijini kwetu, asiyejua hata California iko upande gani wa ramani anaweza kukutajia hesabu hii bila kufikiri, maana imemkosesha usingizi. Tukio lenyewe tulilokuwa tukiliamkia lina jina moja tu maskani kwetu: dabo. Yaani XP mara mbili. Kilichokuwa kikikupa kumi kinakupa ishirini, tangu Ijumaa hadi Jumapili au zaidi kidogo, kisha mambo yanarudi kama yalivyokuwa.

Nazungumzia hasa mwaka 2020. Gemu ilikuwa imetoka tarehe 1 Oktoba 2019, ikapakuliwa zaidi ya mara milioni 100 duniani ndani ya wiki yake ya kwanza. Machi skuli zikafungwa kwa ajili ya korona, Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na mashamba ya viungo yakabaki na wenyewe. Mimi riziki yangu ilikuwa kutembeza wageni. Huu mdalasini, nusa. Hii kungumanga, ipasue uone wekundu wa basibasi ndani. Huu mrangi, paka midomoni. Ukimaliza unamsukia mgeni kofia na tai ya makuti, unampitisha kwenye hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya Shahrazad, mkewe Mwajemi, mnaagana. Ghafla hakuna wa kusukiwa. Vijana wa Kidichi wenye vidole vyepesi kwa kazi hiyo wakabaki na vidole vyao, na simu.

Kwa asiyecheza, gemu hizi za kufyatuliana risasi zina ngazi mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni levo. Unaipanda kwa XP, na XP hutolewa kwa kila kitu: kuua, kumsaidia mwenzio kuua, kuteka bendera, kumaliza mechi hata kama mmefungwa. Levo haishuki. Kila ukipanda unafunguliwa bunduki au kifaa ulichokuwa huna. Ya pili ni daraja la ushindani, kutoka Rookie hadi Legendary. Hilo unalipanda ukishinda na unateremka ukifungwa. Dabo hailigusi. Mtindo huu wa levo iliyoutia watu damuni ni Call of Duty 4: Modern Warfare ya mwaka 2007. Ilikuwa na levo 55, na ukizimaliza unaruhusiwa kuzifuta zote ili uanze upya huku umevaa nembo ya heshima, hadi mara 10. Watu walifuta kwa furaha. Aliyebuni kumfanya mtu arudi mwanzo akashukuru anastahili kutazamwa kwa makini.

Anayetaka kuielewa XP aende shambani msimu wa karafuu. Mchumaji halipwi kwa siku, analipwa kwa pishi: ukichuma nyingi unapata nyingi, ukikaa juu ya mti unapiga soga shauri yako. Sasa karafuu ina tabia yake. Tumba likichanua kuwa ua, bei imekwisha. Kwa hiyo zipo siku ambazo tajiri wa shamba anaona miti imekaribia kuchanua na wachumaji wamepungua, na siku hizo hupandisha bei ya pishi. Hapandishi kwa huruma. Anawataka watu mtini leo, si kesho. Na kampuni za gemu hufanya hivyo hivyo: dabo huja msimu mpya unapofunguliwa, sikukuu inapokaribia, au gemu ya mpinzani inapotoka na wachezaji wakaanza kutazama kwingine. Ukiitazama kalenda ya dabo kwa muda utaona ni kalenda ya hofu za tajiri.

Je, inaharakisha kweli? Inaharakisha. Tuseme levo inadai XP 10,000. Mechi moja inakupa 1,000 na inachukua dakika 10, na kabla yake unasubiri dakika 2 mpaka seva ikukusanyie watu. Siku ya kawaida levo hiyo ni mechi 10, saa 2 kamili. Siku ya dabo ni mechi 5, saa 1. Tena siku hizo watu ni wengi mtandaoni, kwa hiyo kule kusubiri nako kunapungua. Hadi hapo ahadi ni ya kweli. Lakini mechi haichezwi hewani tu. Inaamuliwa kwenye seva iliyoko ng'ambo, na risasi unayopiga Kidichi inasafiri chini ya bahari kabla ya kumfikia mtu unayemwona mbele yako. Mtandao ukikatika dakika ya nane, XP za kumaliza mechi zimepotea, na siku ya dabo kilichopotea ni mara mbili. Tangazo la dabo huzidisha faida kwa maandishi makubwa. Hasara inajizidisha yenyewe, kimya kimya.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo haionyeshi. Levo za mwanzo ni fupi na za juu ni ndefu, kwa hiyo dabo ile ile inayomsogeza mkongwe hatua moja humrusha mgeni hatua nyingi. Mtoto wa mjomba wangu aliingia kwenye gemu wikiendi ya dabo. Mechi za mwanzo za Call of Duty: Mobile zimejaa roboti, wachezaji bandia wanaokimbia mbele yako wamenyooka, wanasubiri kufa. Akawaua usiku kucha. Jumapili alikuwa na bunduki ya mdunguzi ambayo wenzake walikuwa wameitolea jasho la wiki, na akawa anatembea maskani kifua mbele. Wiki iliyofuata roboti wakapungua, watu wakaanza, na watu hawanyooki. Wanainama, wanaruka dirishani, wanakusubiri nyuma ya mlango kwa subira ya paka. Bunduki ilikuwa ya levo yake, mkono haukuwa. Ikabidi arudi kwenye M4, bunduki ya kuanzia anayopewa kila mtu, ajifunze taratibu jinsi mdomo wake unavyopanda ukishikilia kitufe na jinsi ya kuuvuta chini kwa kidole gumba. Hilo lilimchukua muda wa kawaida, maana hakuna dabo ya hilo.

Maandalizi yetu yalikuwa kazi kuliko kucheza. Msimu mpya huja na masasisho mazito, gigabaiti juu ya gigabaiti, na nani mwenye bando la hivyo? Mmoja alipakua kwa bando la usiku, wengine wakarushiwa kwa Xender. Simu mbili zinalazwa barazani, juu ya saruji, zimeelekezana, na mwenyewe amezisimamia hataki hata mtoto apite katikati. Faili ikishafika lazima uiweke kwenye folda yake barabara. Ukiikosea, gemu itajifanya haijaiona, itaanza kupakua upya, na bando lako limekwenda na maji. Halafu uniti za umeme za tukuza: kila nyumba ilikuwa na mama anayezijua kwa idadi, na kijana aliyechomeka chaja usiku kucha aliulizwa asubuhi. Halafu simu zenyewe. Simu inayochajiwa huku inachezwa huchemka, na ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Unamwona adui anakuja kwa kurukaruka kama picha za albamu, na ukipiga umeshakufa zamani. Dawa ilikuwa kuilaza kifudifudi juu ya sakafu baina ya mechi na mechi, kava limevuliwa. Ungepita wakati huo ungekuta safu ya simu zimelala na wenyewe wamezikalia pembeni kama wanaouguza.

Bahati yetu ilikuwa kilima. Kidichi iko juu kuliko Bububu, na chini ya mwembe mmoja upande unaoelekea baharini mtandao ulishika vizuri kuliko ndani ya nyumba. Tulikuwa tumeambiwa tusisongamane, basi tukakaa kwa kuachana, mmoja kwenye mzizi, mmoja kwenye ngazi, mmoja juu ya pipa, na makelele yakaziba nafasi iliyobaki. Siku za dabo tulicheza zaidi Domination kwenye Nuketown. Kiwanja chenyewe ni kidogo, nyumba mbili zimetazamana, na katikati ya njia kuna basi na lori. Bendera ni tatu: A, B na C, na B ndiyo ya kugombaniwa. Kwenye kiwanja kikubwa unakimbia nusu ya mechi bila kumwona mtu; hapa kila sekunde ina kazi, na kila kazi ina XP yake.

"Yakhe, B wameichukua!"

"Nimelagi, sioni kitu!"

"Jitupe nyuma ya basi!"

"Basi lipi tena?"

"Liko moja tu, bwana, basi!"

Hapo nililiona jambo ambalo mechi za kawaida hazikunionyesha. Siku za kawaida kila mtu alikuwa akitafuta idadi ya aliowaua, maana ndiyo ya kujivunia. Siku za dabo watu wale wale, tena wale wabishi zaidi, waliacha kuwinda wakaenda kusimama kwenye bendera, kwa sababu bendera ilikuwa ikilipa. Hakuna aliyewahubiria umoja. Kilichobadilika ni malipo, na timu ikazaliwa usiku mmoja. Siku ya kwanza ya kurudi kwenye hali ya kawaida wakatawanyika tena, kila mtu na bunduki yake, na B ikabaki haina mwenyewe.

Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Aprili, na saa 9 usiku ya seva ikaangukia wakati watu wanaamka kwa ajili ya daku. Usiku mmoja mjomba alitoka nje kutia udhu akatukuta. Tukamwamkia kwa pamoja, shikamoo mjomba, na macho yetu hayakutoka kwenye vioo.

"Marahaba. Mwezi huu thawabu zinazidishwa. Nyinyi mnazidishiwa nini?"

Kimya. Kisha mmoja wetu, kwa sauti ndogo: "Bunduki, mjomba."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatufukuza tukale daku. Nilichokipenda ni kwamba hakutaka aelezwe dabo ni nini. Mtu aliyekulia kwenye kalenda yenye miezi mizito na miezi myepesi, na kwenye mashamba yenye siku za pishi ghali na siku za pishi rahisi, alishaijua.

Kuna kisa cha gemu nyingine, World of Warcraft ya mwaka 2004. Si ya risasi, lakini waundaji wa gemu za risasi wamejifunza mengi kwake. Ilipokuwa bado kwenye majaribio, iliwekwa kanuni ya kuwazuia watu wasikeshe: ukicheza mfululizo, XP zinashuka hadi nusu. Wachezaji wakaja juu, wakaona wanaadhibiwa. Waundaji wakaigeuza. Kile kiwango kizima kikapewa jina la bonasi ya aliyepumzika, asilimia 200, na kile cha nusu kikaitwa cha kawaida, asilimia 100. Tarakimu hazikubadilika hata moja. Malalamiko yakaisha, na watu wakaanza kuisifu bonasi. Na huipati kwa kucheza. Unaipata kwa kuondoka. Unamwacha mhusika wako kwenye nyumba ya wageni, wewe unakwenda zako, na akiba yake inajaa ukiwa haupo. Seyyid Said, aliyetaka hamamu juu ya kilima ili apumzike na mkewe wakitoka kutembelea mashamba, angeielewa mara moja.

Dabo ya risasi ilichukua ule mvuto wa kuzidishiwa ikaacha upande wa kupumzika. Inakulipa kwa kuwepo saa wanayoitaka wao. Maskani kwetu kila mtu alianza na hesabu ile ya saa 2 kuwa saa 1: tutamaliza mapema, tutabaki na muda. Sikumwona hata mmoja aliyebaki na muda. Aliyezoea kucheza jioni alicheza jioni na usiku na alfajiri. Levo aliyoilenga akaipata Ijumaa, akalenga ya pili, akaipata, na kwa kuwa bei bado ilikuwa juu akaona ni hasara kulala. Saa hazikupungua, zilihamishwa kutoka mahali alipozipanga mwenyewe zikapelekwa mahali alipopangiwa. Na Jumatatu ilikuwa siku ya ajabu. Mechi zile zile za wiki iliyopita, XP zile zile, zikaonekana nusu mshahara. Watu wakaweka simu chini kwa uchungu. Wale wa World of Warcraft waliitengeneza bonasi kutokana na adhabu. Sisi kila Jumatatu tuliigeuza hali ya kawaida ikawa adhabu.

Isipokuwa mmoja. Alikuwa fundi cherehani kijana, anashona chini ya kibanda karibu na njia ya daladala, na bando alilinunua kwa kuhesabu. Wiki nzima hakucheza. Tulimwona mzembe. Kadi za XP za bunduki, zile zinazotolewa kama zawadi na kuongezea bunduki levo zake, alizilimbika. Changamoto za msimu alizisoma akaziacha hivyo hivyo. Dabo ikifunguka alikuja na orodha kichwani: bunduki moja tu, kiwanja kimoja, changamoto tatu zinazoweza kufanywa kwa pamoja katika mechi moja. Alicheza mpaka akaona anaanza kufa ovyo, akaaga. Tulipolinganisha mwisho wa msimu, levo yake na zetu zilikuwa zinashikana mikono, na yeye alikuwa ameshona nguo za watu na amelala usingizi wake. Simu yake ilikuwa dhaifu kuliko zetu zote. Dabo kwa wengi wetu ilikuwa mwaliko. Kwake ilikuwa siku ya bei nafuu, naye akaja na mkoba wa kiasi.

Sasa hivi kanuni zake nawaambia wadogo zangu bila kuwataka waache kucheza, maana hilo hawatalisikia. Sasisho lipatikane kabla, si siku yenyewe. Usifungue kadi au tokeni kabla hujajua mtandao wa leo ukoje. Kwenye Modern Warfare ya mwaka 2019 zilikuwepo tokeni za dabo ambazo dakika zake zilihesabiwa hata ukiwa unasubiri mechi, na umeme ukizimika zinaendelea kuyeyuka. Mkiwa wengi chezeni pamoja, bendera kwanza. Bunduki mpya ijaribu kwenye siku zisizo na dabo, ambapo kufa ni rahisi. Na daraja la ushindani liacheni mpaka mmelala.

Huwa nawatajia pia kwamba gemu hii iliundwa na TiMi, studio ya Tencent ya China, kwa leseni ya Activision ya Marekani, na kwamba Agosti 2021 serikali ya China iliamuru walio chini ya miaka 18 wacheze gemu za mtandaoni saa 1 tu kwa siku, saa 2 hadi saa 3 usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Amri kali, na siitamani kwetu. Mtoto wa Kidichi ana walezi wa kutosha njia nzima. Ila hunichekesha kwamba wikiendi zile zile zinazofungwa kwa saa nchini kwao, kwetu hufunguliwa kwa dabo.

Anga ya kwetu ilifunguliwa tena tarehe 18 Mei 2020. Wageni walirudi kwa uchache, na kabla hawajatosha, karafuu zikaiva. Wale wenye uzoefu wa bendera wakaitwa mtini. Ijumaa moja tajiri wa shamba alifika asubuhi akakuta wachumaji wake vijana wamekaa chini, majamvi bado yamekunjwa, na matawi ya juu yameanza wekundu. Dabo ilikuwa imefunguka usiku wa kuamkia siku ile, na walitaka kushuka mapema.

"Mnataka nini?" aliuliza.

Wakamwambia: dabo.

Hakuelewa. Mjomba, aliyekuwa akichambua makonyo kivulini, ndiye aliyemweleza, kwa maneno machache sana. Tajiri akatazama miti, akatazama jua, akatazama tena vichwa vya matawi. Akasema dabo hana. Ana nusu juu ya kila pishi, na mwisho wake Jumapili magharibi.

Wakakunjua majamvi.